Jina la Arobaini na Mbili

Augusta Penhallow alikuwa na vitu viwili vilivyomkosesha raha: haki na wivu. Cha kwanza alikitangaza mchana kweupe. Cha pili hakukijua, ingawa mtaa mzima ulikijua, maana wivu ni kama kitunguu. Aliyekila ndiye wa mwisho kusikia harufu.

Alikuwa Gugu. Katika Chicago ya miaka ile wanasiasa wa mitaani walimwita Gugu mtu yeyote aliyehubiri serikali njema. Jina lilikatwa kwenye maneno ya Kiingereza ya vilabu vyao, good government, yaani serikali njema, ukabaki mlio tu, ule ule anaoutoa mtoto mchanga akichezea mate yake. Na ndivyo walivyowaona: watu wazima, wenye elimu na mali za baba zao, ila katika siasa hawajaota hata jino. Augusta alikuwa Gugu kindakindaki. Alitoka Boston, alikuwa na miaka arobaini na mitatu, hakuolewa, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amepanga nyumba ya chini kati ya Wasisilia na Waairishi ili awafundishe Kiingereza, usafi na namna ya kuweka alama kwenye karatasi ya kura.

"Gugu anapita," watoto walisema wakimwona na mwavuli wake. Aliwapungia mkono. Alishaamua kwamba kejeli ikivumiliwa sana hugeuka cheo.

Diwani wa kata ile alikuwa Cornelius Mulcahy, Mwairishi mwenye tumbo la heshima na sauti ya kuongoza kwaya. Aliiba, tusimsafishe. Aliuza barabara za jiji kwa kampuni ya tramu, akanywa na polisi, na alikuwa na sehemu yake katika baa tatu ambazo kisheria zilipaswa kufungwa Jumapili. Chama cha Serikali Njema, ambacho Augusta alikuwa katibu wake wa kata, kilishachapisha ripoti sita juu yake. Baada ya kila ripoti kura zake ziliongezeka.

Angeulizwa, Augusta angeapa kwamba kilichomuuma ni wizi. Si kweli. Kilichomuuma ni kwamba watu walimpenda.

Chukua habari ya njia ya mbao. Mbao za kupitia watu mbele ya duka la mkate zilikuwa zimeoza, na mtoto mmoja alikwishavunjika mguu pale. Augusta aliandika barua kumi na nne. Alikwenda ofisi za jiji mara tisa, akakaa benchi na kofia yake mapajani mpaka makarani wakamzoea. Hatimaye mafundi wakaja. Mulcahy naye akaja, akavua koti, akaomba nyundo, akapiga msumari wa kwanza. Ukapinda. Akapiga wa pili, nao ukapinda. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na mwenye duka la mkate akamtolea diwani glasi ya divai. Augusta alisimama ng'ambo ya barabara na nakala za barua zake kumi na nne mkobani, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Asante ya punda ni mateke, alijisemea. Akaona aibu kwa kuwaita majirani zake punda. Halafu akasema tena.

Alikuwa na nyumba moja tu aliyoihesabu kuwa yake, na hiyo ilikuwa ya Assunta Lo Presti, ghorofa ya pili, ng'ambo ya ua. Assunta alikuwa Msisilia wa miaka thelathini, mama wa watoto watatu, mkubwa wao akiitwa Nino. Mumewe Calogero alifagia barabara za jiji, mtu mpole asiyesema sana. Kwa miaka mitatu Assunta alikuja kila Alhamisi kwa Augusta kujifunza kusoma. Mwezi wa Januari, asubuhi ya theluji kubwa, mkunga alikwama njiani, na Assunta akajifungulia katika chumba cha ndani kisicho na dirisha huku Augusta ameshika taa kwa mkono mmoja. Ni Augusta aliyekipokea kile kiumbe kinachoteleza, yeye ambaye hakuwahi kushika mtoto wa siku moja. Kikalia. Naye akalia.

"Dada, usimwangushe," Assunta alimwambia kwa sauti ya mtu aliyeishiwa nguvu.

Neno lile dada lilimwingia Augusta mahali ambapo hotuba hazifiki. Tangu siku ile alitaka kitu kimoja, na hakukitaka kidogo: awe mama wa ubatizo wa yule mtoto, awe na jina katika nyumba ile, awe mtu ambaye hahitaji kubisha hodi. Katika kanisa la kwao, mwanamke aliyempokea mtoto namna ile angeombwa kabla maji hayajapoa. Akaandika barua Boston kwa dada yake wa tumbo moja amletee gauni la ubatizo la ukoo wa Penhallow, lililovaliwa na vizazi vitatu.

Wiki moja baada ya uzazi, Calogero alivuka ua na sahani ya biskuti za tini, zimepangwa duara, zimenyunyiziwa sukari. Hapo ndipo Augusta alipokosea, na ni kosa ambalo Gugu peke yake angeweza kulifanya. Kanuni ya nne ya Chama ilikataza mwanachama kupokea zawadi yoyote katani, hata yai, ili asije akadaiwa fadhila na mtu. Madiwani ndio waliokula kwa watu, Gugu hakula. Kwa hiyo alizirudisha biskuti, zote, bila kuonja hata moja, pamoja na barua ya shukrani aliyoiandika kwa Kitaliano safi cha vitabuni, akieleza kanuni ya nne na sababu zake. Aliisoma mara mbili kabla ya kuifunga, akaona imekaa vizuri.

Majuma yakapita. Assunta akawa haji tena Alhamisi. Mtoto mchanga, Augusta alijiambia, mama hana nafasi.

Katikati ya Machi kifurushi kilifika kutoka Boston. Hakungoja. Alikipakata, akavuka ua, akapanda ngazi, akijisemea kwamba hatatamka neno. Atasubiri aombwe, na akiombwa atashangaa kidogo. Mshangao wenyewe alishaufanyia mazoezi mbele ya kioo.

Mlango ulikuwa wazi. Jikoni, kwenye kiti cha Calogero, alikaa Mulcahy, leso shingoni, anakula soseji na pilipili za kukaanga kwa vidole. Ukutani, kwenye msumari, lilitundikwa gauni jipya la ubatizo, lesi hadi chini, na utepe wa dukani bado unaning'inia.

"Karibu, bibie," alisema Mulcahy, kama vile ni kwake. "Mama Nino, mpe jirani kiti."

"Sikujua una mgeni, Assunta."

"Mzee si mgeni," alisema Assunta. Alikuwa amemlaza mtoto begani. "Mzee ndiye baba wa ubatizo wa Rosalia, na mkewe ndiye mama. Tumepanga Jumapili ya Matawi. Hilo gauni kalileta leo."

Augusta alikipeleka kifurushi nyuma ya sketi yake.

"Hongera," alisema.

"Kaa ule kidogo," alisema Mulcahy. "Pilipili hizi zinamfufua hata hakimu."

"Asante. Kanuni zetu haziruhusu."

"Kanuni." Mulcahy alijifuta kidevu. "Mimi nimekula kanuni zote za jiji hili, bibie, na hakuna hata moja iliyonishibisha. Nasikia lakini umemfundisha Mama Nino kuweka alama kwenye kura. Kazi nzuri. Mwaka huu akina mama wanapiga kura za jiji kwa mara ya kwanza, walihitaji mwalimu. Wewe umemwonyesha namna, mimi nitamwonyesha mahali."

Assunta alicheka, kicheko cha wazi, kichwa nyuma, mtoto akitikisika begani. Augusta alimtazama mdomoni. Miaka mitatu ya Alhamisi, na leo ndiyo mara ya kwanza anaona kwamba Assunta ana pengo upande wa kushoto. Hakuwahi kumchekesha kiasi cha kuliona. Akalichukia tumbo la yule mtu, na leso yake, na vidole vyake vyenye mafuta, na zaidi ya yote namna alivyokaa, mapaja wazi, kama mtu aliyezaliwa katika kiti kile.

Aliaga. Assunta alimfuata hadi kwenye ngazi.

"Dada, una hasira."

"Sina hasira. Nilidhani tu. Nilikuwapo mimi siku ile. Yeye hakuwapo."

"Ulikuwapo. Sijasahau." Assunta alimhamishia mtoto bega la pili. "Lakini ulinirudishia sahani."

"Nilieleza kwenye barua."

"Barua yako sikuielewa, Kitaliano chake si chetu. Alinisomea mwenye duka la mkate, mbele ya wateja. Kwetu mtu akila chako anakwambia tuko pamoja. Akirudisha sahani imejaa kama ilivyokwenda, amekwambia mwisho wetu hapa mlangoni. Mimi ningefanyaje, nikulazimishe undugu?"

"Ungeniuliza."

"Na hata ningekuuliza, padri asingekukubali. Wewe si wa kanisa letu. Sikujua kwamba hujui."

Faraja hii ilikuwa ya kweli, na haikumfaa kitu. Mwenye wivu ukimweleza kwamba alichokitaka hakikuwezekana tangu mwanzo, humwondolei wivu. Unamwondolea matumaini tu, wivu unabaki peke yake nyumbani. Augusta alishuka ngazi na kifurushi chake. Kosa lilikuwa lake, ameelezwa waziwazi na mwenye haki ya kulieleza, na kufika chini ya ngazi alikuwa amekwishalibebesha Mulcahy lote.

Siku ya pili yake alikuja Bwana Ellery, katibu mkuu wa Chama, mtu mrefu mkavu aliyezungumza kama anasoma risiti. Alifuata orodha. Uchaguzi ulikuwa umebaki majuma matatu na Chama kilikuwa kinaandaa ripoti ya saba, nayo ilihusu kadi za siku sitini. Sheria ya jiji ilitaka kila mtumishi afanye mtihani, ila kama kuna dharura, mtu aliweza kuajiriwa bila mtihani kwa siku sitini. Madiwani walikuwa wameigeuza dharura kuwa riziki: siku sitini zikiisha, kadi inaandikwa upya, na zikiisha tena, tena. Augusta alikuwa amekaa mwezi mzima katika madaftari ya jiji akiwatafuta watu wa Mulcahy. Alikuwa na majina arobaini na moja.

Jina la arobaini na mbili lilikuwa Calogero Lo Presti, mfagizi, kadi yake imerudiwa mara kumi na moja. Alilikuta siku ya kwanza kabisa. Hakuliandika. Alijua alichokuwa akifanya, akasali kwa ajili yake, na asiliandike. Huenda lilikuwa tendo lake la kwanza la kisiasa lenye huruma ndani yake.

"Arobaini na moja," alisema Bwana Ellery, akipitisha kidole. "Ndiyo yote?"

Dirisha la Augusta lilitazama ua. Ng'ambo kule mtu alikuwa anacheka, sauti ya mwanamume, nene.

"Kuna mmoja zaidi," alisema Augusta.

"Una uhakika naye?"

"Mara kumi na moja amerudiwa. Nilimwacha kwa sababu ni jirani."

Bwana Ellery aliinua macho, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimtazama kwa heshima ya kweli.

"Inakugharimu hii, Bi Penhallow."

"Haki haina jirani," alisema Augusta, akachovya kalamu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa mlalo.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu nimewahi kuwasikia watu wakisema alifanya ilivyompasa. Ilimpasa, sikatai. Jina lilikuwa halali kuwamo. Lakini lilikuwa halali mwezi mzima na hakuliandika, akaja kuliandika siku moja baada ya kuona gauni la watu ukutani. Mtu anaweza kusema kweli tupu na bado akawa amechoma nyumba. Augusta mwenyewe, kalamu ilipoondoka kwenye karatasi, aliona utamu umemtambaa kifuani, akadhani ndio ladha ya dhamiri safi. Alikula chakula cha jioni vizuri.

Ripoti ilitoka gazetini Jumatatu, wiki ya mwisho kabla ya Jumapili ya Matawi. Asubuhi ile ile tume ya ajira ilifuta kadi zote arobaini na mbili, maana wakubwa nao walitaka kuonekana wasafi kabla ya kura. Kabla ya adhuhuri Augusta alimwona Calogero akivuka ua bila ufagio wake. Alikuwa ameshika kofia ya kazi mkononi, anaigeuzageuza, na hakuonekana kujua aiweke wapi.

Sasa sikiliza jinsi wivu unavyopika. Augusta alikuwa ameshaandika barua nyingine. Rafiki yake mmoja alikuwa na kiwanda cha vifungo, na palikuwa na nafasi ya mlinzi, ya halali, isiyo ya diwani. Assunta angekuja analia, jioni hiyo au kesho yake. Angemkalisha, angempa chai, angeifungua droo na kumpa barua, na Assunta angeona mwishowe nani ni mtu wa kuendewa. Angewavunja mguu kisha awape mkongojo, na hakuona ubaya wowote, kwa sababu mkongojo ulikuwa mzuri.

Assunta hakuja Jumatatu. Jumanne Augusta alibaki nyumbani mchana kutwa, akafuta kikao cha Chama. Jumatano alibandika birika mara nne. Alhamisi, siku ya masomo ya zamani, aliketi kando ya dirisha akaona taa ya jikoni kwa akina Lo Presti, na watu wakipanda ngazi na masufuria kwa maandalizi ya Jumapili, na Bibi Mulcahy mwenyewe akipanda na kitambaa cha meza. Aliwaonea gere wote, hata masufuria. Ijumaa hakula.

Jumamosi asubuhi mlango uligongwa.

Assunta alikuwa amevaa shali jeusi, mikono mitupu. Hakutaka kukaa. Hakuwa analia, na uso wake haukuwa na dalili ya machozi ya juzi wala ya jana.

"Nimesikia habari ya Calogero," alisema Augusta. "Nimesikitika sana. Nimekwisha kumwandikia rafiki yangu mwenye kiwanda cha vifungo. Kuna nafasi ya ulinzi, mshahara kila wiki. Barua hii hapa."

Assunta aliitazama barua bila kuigusa.

"Baba Nino ana kazi," alisema. "Tangu Jumatatu ile ile. Anaosha mapipa kwenye kiwanda cha bia. Mzee Mulcahy alimpeleka mwenyewe kwa miguu, kabla hata ya chakula cha mchana."

Augusta alibaki ameishika barua. Siku tano za kungoja, birika na dirisha, na mkongojo ulikwishapatikana kabla yeye hajainua wake. Mtu mwingine angenyamaza hapo, siku ingepita. Lakini Gugu ni Gugu. Uongo alikuwa hajajifunza, hata ule wa kukaa kimya, na midomo yake ikasema kabla ya yeye kuiruhusu.

"Jina lake niliandika mimi, Assunta. Kwenye ile orodha. Ni mimi."

"Najua."

"Nani amekwambia?"

"Mzee."

Kwa kweli nani mwingine. Augusta alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Lini?"

"Siku ile ile. Ana mtu wake kwenye gazeti, aliuona mwandiko. Baba Nino alishika nyundo. Mume wangu yule, ambaye haui hata nzi, alishika nyundo akasema anakuja kuvunja vioo vyako vyote. Mimi nilimwambia nenda. Sikufichi, dada, nilimwambia nenda, na ukimaliza vioo usisahau vikombe."

"Mbona hakuja?"

"Mzee alimshika mkono."

Augusta alijua hapaswi kuuliza linalofuata. Aibu ilikuwa inapanda shingoni, ila wivu ulishaitangulia mlangoni.

"Alisema nini juu yangu?"

Assunta alifikiri, akitafuta maneno yalivyokuwa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

"Alisema, mwacheni. Alisema yule mama si mbaya, ana wivu, tena wivu wa mtu asiye na mtu, na huo ndio mbaya kuliko yote kwa sababu hauna pa kulala. Alisema amekuona siku ile jikoni, ulivyoficha kifurushi nyuma. Alisema nisikuchukie."

Uani mtu alikuwa anakung'uta zulia. Augusta alikuwa amewahi kuona mengi yakitoka mkononi mwa Mulcahy: kazi, makaa ya mawe, bata mzinga wa Krismasi, dhamana ya polisi. Hakuwahi kudhani kwamba msamaha nao ulikuwa wake kugawa, na kwamba siku moja yeye, Augusta Penhallow, angeupokea kwenye foleni na wengine. Akaona uchungu. Na chini ya uchungu, kwa fedheha yake kubwa, bado alikuwa anaona wivu: kwamba ni yeye, yule mwizi, aliyeona kifurushi, na Assunta hakukiona.

"Na kingine," alisema Assunta. "Kesho ni ubatizo. Amesema nije nikualike. Mimi sikutaka. Tumegombana naye kwa hilo, mbele ya mkewe. Nikamwambia, mtu amefuta kazi ya mume wangu, nimkalishe mezani kwangu? Akasema, yeye ndiye aliyeshika taa mtoto alipokuja, Mama Nino, kiti chake kipo, na kama hutaki kukiweka wewe nitakiweka mimi. Basi. Kitakuwapo. Karibu na yeye, maana hakuna mwingine atakayekubali kukaa na wewe."

"Na wewe?" alisema Augusta. "Mwache yeye. Wewe mwenyewe unataka nije?"

Assunta alimwangalia sana. Alikuwa na miaka thelathini, na pale alionekana ndiye mkubwa.

"Mimi bado," alisema. "Moyo wangu haufuati amri ya diwani. Labda mwaka ujao uniulize. Labda usiniulize, nitakuja mwenyewe. Sijui." Alijifunga shali vizuri. "Nimeleta salamu za Mzee, nimemaliza. Nimwambie nini?"

Katika miaka kumi na mmoja Augusta hakuwahi kupokea chochote kutoka kwa Cornelius Mulcahy. Kiti cha tramu aliwahi kukataa, akasimama vituo tisa. Ripoti ya nane ilikuwa imeanza kuandikwa, ipo juu ya meza pale, na kichwa cha habari kilikuwa fadhila: namna diwani anavyowafunga watu kwa fadhila mpaka hawawezi tena kumkatalia. Alikuwa ameandika kurasa tatu nzuri. Kila neno humo lilikuwa la kweli, na sasa alilijua kwa ndani.

Alimtazama Assunta, ambaye mkono wake ulishafika kwenye kitasa.

"Mwambie Mzee namshukuru," alisema. "Ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Nitakuja."

Assunta alitikisa kichwa kukubali, akafungua mlango, akatoka bila kumwita dada.